Kemshafti Chini ya Dirisha la Baba

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Mteja akiingia gereji, akanikuta nimelala chini ya gari, ovaroli imeloa oili mpaka magotini, halafu akasimama pale na kuuliza, "Samahani dada, fundi yuko wapi?" huyo namjibu, "Ametoka, ameenda kuoa." Wengine hukaa kwenye benchi wakamsubiri. Haki ya nani tena. Mmoja alisubiri mpaka nikamaliza gari la mwenzake, nikanawa mikono, nikanywa chai, ndipo akaanza kushtuka.

Enzi za Baba hayo hayakuwapo. Gereji ni yake, na mimi humo ndani nilikuwa Spana tu, jina alilonibandika mwenyewe eti kwa sababu nilianza kutambaa na spana mdomoni. Yeye alikuwa na sikio. Gari likiwa bado halijakata kona ya duka la magodoro, Baba anasema, "Plagi hiyo," au, "Huyo tapeti zimelegea," na likifunguliwa linakutwa vile vile. Hakumuuliza mtu. Mafundi wa mtaa mzima walimletea magari yaliyowashinda, wakasimama kando na haya zao, naye anachukua bisibisi yake ndefu yenye mpini wa mbao, ncha anaiweka kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. Akiyafumbua anasema, "Hapa." Basi, kesi imekwisha.

Halafu kiharusi kikamchukua upande wa kulia. Mguu, mkono, nusu ya mdomo. Maneno yakawa yanatoka moja moja, tena kwa kuburuta. Mtaalamu wa mazoezi alimletea mpira wa kubana na fremu ya kutembelea, na Baba akaiangalia ile fremu kama mtu aliyeletewa jeneza ajipime. Hakuigusa. Mama alibembeleza, akalia, akanuna, wapi.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinamfurahisha, nacho ni gari lake. Gari dogo, kuukuu, linanizidi umri. Alilichukua likiwa gofu akalijenga upya nati kwa nati. Kila asubuhi kabla sijaondoka nalo kwenda kazini, nililiwasha chini ya dirisha la chumba chake nikaliacha lingurume taratibu. Yeye yuko kitandani, pazia liko wazi, anasikiliza. Akiridhika anainua dole gumba la mkono wa kushoto, na Mama anatoa kichwa dirishani: "Haya, kasema nenda." Ndipo naenda. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu na Baba kwa siku nzima, na yalitutosha.

Sasa mimi, kwa akili zangu timamu, nikaenda nikaligusa hilo gari.

Kwenye duka la vipuri ninakonunua vitu yuko muuzaji tunayemwita Masharubu. Siku hiyo nilikwenda kutafuta gasketi ya kava la valvu tu, maana injini ya Baba ilikuwa inatoa jasho la oili na nilikuwa nimeshaifungua. Masharubu akatoa gasketi, halafu akainama chini ya kaunta na tabasamu la mtu anayejua udhaifu wako.

"Spana, hebu ona hiki."

Alikuwa na kemshafti mbili. Kwa asiyejua, kemshafti ni kile chuma kirefu chenye matumbo, kinachozunguka juu ya injini na kusukuma valvu zifunguke na kujifunga. Kila tumbo likipita, injini inavuta pumzi au inaitoa. Ya kwanza ilikuwa na matumbo ya upole, ya mviringo, ndugu moja na iliyokuwa kwenye gari la Baba. Ya pili matumbo yake yalikuwa mapana, yamesimama, yamenona.

"Hii ya kwanza ya mtu na familia yake," Masharubu akasema. "Hii ya pili, mwanangu, ukiiwasha asubuhi jirani anajua umeamka."

"Inalia vipi?"

Akatoa simu akanichezea video. Jamani! Injini imesimama mahali pamoja, haijakanyagwa mafuta, lakini inaruka na kupiga hatua kama inataka kuvunja mlango itoke. Du-du, du, du-du-du, du. Valvu za kuingiza na za kutoa zinaachwa wazi pamoja kwa kitambo, injini inapaliwa kwa pumzi yake yenyewe, na huko kupaliwa ndiko kunakoleta ule mlio. Nywele zilinisimama.

"Ila nikuambie ukweli," Masharubu akaendelea, maana ana roho nzuri pamoja na yale masharubu. "Hii ni ya mashindano. Kwenye foleni za mjini haina nguvu chini, mafuta inakunywa, na gari halitatulia tena. Mwenye gari lazima awe anaipenda sauti. Gari la nani?"

"Langu," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe, laini kabisa. Na sitaki kujisafisha, nilijua kwa nini naitaka. Sikuitaka mbio. Nilitaka nikikata kona ile ya duka la magodoro, watu wa mtaa ule wote wageuze shingo. Nilitaka yule anayeuliza fundi yuko wapi anyamaze kabla hajafungua mdomo. Nikaichukua ile yenye matumbo makubwa, na siku ile ile nikaifunga, nikaset tapeti, ile nafasi ndogo juu ya kila valvu, kwa mikono yangu, nikarudisha kava. Ile ya zamani nikaifuta, nikaipaka grisi, nikaiviringisha kitambaa na kuilaza chini kabisa ya sanduku langu la vifaa. Hata hapo roho ilikuwa imeanza kunisuta, la sivyo ningeiacha mezani kama chuma kingine chochote.

Nikawasha. Lo! Mabati ya gereji yalitetemeka. Jirani yangu wa gereji ya pili, Domo, ambaye tangu Baba augue alikuwa ananiita "binti" kana kwamba ni ugonjwa, alitoka mbio na mswaki mdomoni.

"Ala! Nani kafanya hiyo?"

"Fundi," nikasema. "Yuko hapa hapa."

Akaizunguka mara kadhaa, akatikisa kichwa, akaniita Spana kwa mara ya kwanza. Siku hiyo kichwa kilinivimba nikashindwa kuvaa kofia. Mteja mgeni aliingia akanijia moja kwa moja, hakutazama kulia wala kushoto. Nilirudi nyumbani naimba, na kwa kuwa nilirudi wakati Baba amelala, nikazima injini mbali na kulisukuma gari mpaka ukutani. Najua unachotaka kuniuliza. Kama ningekuwa naona sijafanya kosa, mbona nililisukuma?

Asubuhi nikajikaza kisabuni. Nikajiambia Baba atacheka. Atasema, "Kichaa wewe," kwa ule mdomo wake wa nusu, na mambo yataisha. Nikawasha chini ya dirisha.

Du-du, du, du-du-du, du.

Nikasubiri kichwa cha Mama. Kikachelewa. Kilipotokea kilikuwa na macho makubwa.

"Spana, njoo. Baba yako anataka kuinuka!"

Nilimkuta ameegemea kiwiko cha kushoto, jasho linamtoka, shuka liko sakafuni.

"Inamisi," akasema. Yaani silinda moja haichomi sawasawa, injini inaruka. Alisema kama daktari anayetaja ugonjwa wa mwanawe.

Hapo ndipo palikuwa pahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, maneno yalikuwa machache: Baba, nimebadilisha kemshafti. Lakini nilimwona alivyokunja uso, nikaona gari lake, nati kwa nati, na mimi nimeingiza mkono humo bila kumuuliza kwa sababu amelala na hawezi kunizuia. Nikakosa pa kuweka uso. Na mimi nikikosa pa kuweka uso, nakuwa mkali.

"Ni baridi tu, Baba. Itatulia. Nimechelewa kazini."

Nikaondoka bila dole gumba.

Kesho yake tena: "Inamisi." Keshokutwa yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Halafu siku moja narudi jioni namkuta Mama mlangoni, analia na kucheka kwa pamoja.

"Kaishika fremu! Mwenyewe! Nimemuuliza unakwenda wapi, anasema kwenye gari. Anasema gari linaumwa na mtoto hasikii."

Mtoto ndiye mimi.

Basi ikawa hivyo. Kila siku Baba na ile fremu: kitanda mpaka mlango, mlango mpaka sebuleni. Anabana mpira mkono unatetemeka, anasema anataka vidole vya kushikia waya wa plagi. Mama alikuwa anamwambia kila anayekuja kumjulia hali, "Gari limemfufua mume wangu," na akinitazama mimi ananipa kipande kikubwa cha nyama. Nyama ile ilikuwa hainishuki. Nikajiambia, nyamaza, uongo huu ni dawa, mwache apone kwanza. Ni uongo mtamu huo, ukiuonja unataka tena. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, na kupona kwa Baba kulinipa pa kujificha.

Gereji nako mlio ulikuwa umenigeuka. Watu walikuwa bado wanageuza shingo, lakini mimi kila nikikaa kwenye foleni, injini inapaliwa mbele yangu, naisikia sauti ya Baba: inamisi, inamisi. Nikawa nazima gari kwenye taa nyekundu.

Jumamosi moja asubuhi Baba alifika kwenye gari.

Mama alimwekea kiti. Alivaa shati lake la kazi, lile la kijivu, vifungo vimefungwa na Mama. Bisibisi yake ndefu alikuwa ameichomeka kwenye kona ya fremu. Majirani walichungulia madirishani, mmoja akapiga makofi. Nikafungua boneti, nikawasha, nikasimama kando kama wale mafundi wa zamani na haya zao.

Alianza na plagi. Akanionyesha kwa kidole, nami nachomoa waya mmoja, narudisha, nachomoa wa pili. Kila ukichomolewa injini inadhoofika sawa sawa, maana yake silinda zote zinafanya kazi. Akakunja uso. Akaomba karatasi, nikaishikilia kwenye bomba la moshi nyuma naye akaitazama ikipigwa nje na kuvutwa ndani, dalili ya valvu zisizofunga vizuri. Mwisho akachukua bisibisi kwa mkono wa kushoto. Ncha akaiweka juu ya kava la valvu, mpini sikioni, akafumba macho.

Mimi moyo ulikuwa unanienda kwa mlio ule ule wa injini.

Akafumbua macho. "Hapa," akasema. "Ndani. Fungua kava."

Hakukosea hata kidogo. Sikio lake lilikuwa limepita kwenye bati, kwenye oili, likaweka kidole juu ya dhambi yangu. Angefungua pale, angeona yale matumbo mara moja. Na majirani wanachungulia, na Mama amesimama na glasi ya maji, anatabasamu.

"Nilishafungua, Baba," nikasema. "Ndani hamna kitu. Tapeti ziko sawa."

"Umeona?"

"Kwa macho yangu."

Akanitazama. Laiti angenishuku! Kushukiwa ningeweza, ningepiga kelele, ningekasirika, hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Lakini Baba aliniamini. Niliona kabisa anavyoichukua kauli yangu na kuiweka juu ya sikio lake mwenyewe.

"Basi ni mimi," akasema.

"Wewe nini, Baba?"

"Sikio." Mdomo ulimtetemeka ule upande mzima. "Nalo limekwenda."

Akanipa bisibisi. Nimeitamani bisibisi hiyo tangu utotoni, nilikuwa naiiba nikisikiliza nayo friji. Akaifunga ndani ya kiganja changu kwa mkono wake mmoja, akasema, "Yako sasa." Kisha akageuza fremu akarudi ndani, na hatua za kurudi zilikuwa nzito kuliko za kuja.

Kesho yake hakuinuka. Fremu ikaegemezwa ukutani, Mama akatundika taulo juu yake. Nilipowasha gari asubuhi niliona mkono wa Mama ukivuta pazia na kufunga dirisha.

"Kasema kelele," akaniambia nilipoingia jikoni. "Eti hataki tena kusikia gari. Baba yako huyu! Kasema sikio likishakufa, fundi amekufa, kilichobaki ni kuzikwa tu." Akaacha kukatakata vitunguu. "Kwa mlio ule sikusikia kitu. Mlisemezana nini pale?"

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimeangalia sufuria, yote, kuanzia Masharubu mpaka ule uongo wa "kwa macho yangu". Nilisubiri anipige na mwiko, ningeshukuru.

Mama hakupaza sauti. Alifuta mikono kwenye kanga, polepole.

"Mimi nilikuwa nakupa minofu," akasema. Halafu, "Nenda ukamwambie mwenyewe. Mimi sikubebei."

Nikaitoa ile kemshafti ya zamani chini ya sanduku. Nikaingia nayo chumbani ikiwa bado kwenye kitambaa chake, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Baba alikuwa amegeukia ukuta. Nikapiga magoti, nikafungua kitambaa, nikauchukua mkono wake wa kushoto na kuuweka juu ya chuma.

Hakugeuka. Dole gumba lake likatembea. Likapita juu ya tumbo la kwanza, la pili, likasimama, likarudi. Nilijua ameitambua.

"Hii ya kwangu," akauambia ukuta.

"Ya kwako, Baba."

"Ndani kuna nini?"

"Nyingine. Ina matumbo makubwa. Niliitaka kwa ajili ya mlio. Nilitaka watu wanisikie nikipita." Nikaubana mkono wake juu ya chuma. "Sikio lako halijafa, Baba. Lilisikia sawa. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Kisha akageuka, na mimi nikajiandaa. Baba alikuwa analia. Machozi yanamtoka upande mzima na upande mbovu, sawa sawa, na ule mdomo wa nusu ulikuwa unacheka.

"Kwa hiyo niko mzima," akasema. "Mama Spana! Njoo! Niko mzima!"

Angenitukana ningepona. Hakunitukana. Alishangilia kama mfungwa aliyeachiwa, na mimi ndiye niliyekuwa nimemfunga. Niliegemea godoro nikalia kwa aibu mpaka Mama akaja akanivuta kwa ukosi wa ovaroli: "Nyanyuka. Nenda karudishe ulichotoa."

Nikarudisha siku hiyo hiyo, pale pale uani, Baba ameketi kwenye kiti anatazama kila boliti. Nikaset tapeti, akataka kuona kila moja. Nikafunga kava. Nikawasha.

Injini ikanguruma kwa upole, mlio wa mtu aliyelala usingizi wa shibe. Hata Mama, ambaye hajui valvu wala volvo, alishusha pumzi. Nikampa Baba bisibisi yake kwa mikono miwili. Akaipokea. Ncha kwenye kava, mpini sikioni.

Ila hakufumba macho. Miaka yote nimemwona Baba akisikiliza, hajawahi kusikiliza macho wazi. Safari hii aliyafumbua yote mawili, na hakuwa anatazama injini. Alikuwa anatazama uso wangu.

"Iko sawa?" akaniuliza.

Baba, ambaye hakumuuliza mtu.

"Wewe ndiye unayejua, Baba."

"Nakuuliza wewe."

"Iko sawa," nikasema. "Naapa iko sawa."

Akaendelea kunitazama kidogo, bisibisi iko sikioni. Tangu hapo fremu ameshaanza tena kuitumia, na dirisha liko wazi kila asubuhi. Naliwasha gari, linanguruma vizuri, Mama anatoa kichwa. Lakini siku hizi hasemi tena kasema nenda. Anasema, "Anauliza, hujabadilisha kitu?" Najibu hapana, Mama anampelekea jibu, na ndipo dole gumba linapoinuka.